Mshiriki Namba Saba

Saa moja na nusu asubuhi, msitu wa Rubya, Ukerewe.
Umande bado umeshika nyuzi za buibui
kati ya misindano iliyopandwa kwa mistari.
Nimeshuka jana kwenye meli ya Nansio,
begini mna mita ya pumzi, mkanda wa moyo,
kekee ya kutoboa shina, chupa ya spiriti,
na daftari lenye safu tatu
alizozichora Dokta Nyanjige kwa rula:
Mtu. Mti. Ubao.

"Usiandike majina," aliniambia kule maabara, Mwanza,
dirisha likitazama mabati na majabali.
"Jina lina ndugu, lina madeni, lina kijiji.
Namba haidaiwi."

Basi Bituro Mazigo, mpasuaji wa chini,
akawa saba.

Wa juu husimama kwenye gogo, anaona mstari.
Wa chini yumo shimoni, anavuta anachoamini,
na unga wa mbao unamwagikia kope,
masikio, mfuko wa shati.
Nilimfunga mkanda kifuani: sitini na nane.
Msumeno ulipoanza shaa, shaa,
moyo ulipanda hadi mia na arobaini na tisa,
ukakaa huko kama mgeni aliyepewa kiti.

Puliza. Akapuliza.
Puliza tena.
Mshale ulifika nusu ya njia, ukasita.
Akatema kohozi la rangi ya mbao,
akalifukia kwa kisigino, kwa adabu,
kama mtu aliyemwaga chai ya wenyewe.

Kisha mti. Nilizungusha kekee mpaka kiini,
nikachomoa kijiti chembamba kuliko penseli:
pete ishirini na nane.
Ya kumi na moja nyembamba kama ukucha wa kichanga.
"Mwaka huo mvua ilikataa," akasema saba,
amechungulia begani kwangu.
"Tulikula mhogo mchungu.
Mke wangu alijifungua pacha, tukabaki na mmoja."
Nilitazama daftari.
Hapakuwa na safu ya hilo.

Dokta hufundisha hivi:
mbao ya pembeni ndiyo inayokunywa, ndiyo hai;
moyo wa mti ulikwisha kufa zamani,
na maiti hiyo ndiyo inayousimamisha mti.
Kwa binadamu, anasema, ni kinyume.
Nilinakili. Nilifaulu mtihani.
Ila pale ukingoni mwa shimo,
nikimwangalia akivuta,
lile neno *kinyume* lilinipwaya kidogo.

Mwanza, Ijumaa. Ubao wa gogo lile lile
ukalazwa kwenye meno ya mashine.
Umeme ulikatika mara mbili.
Mara ya tatu ubao ulilia kwanza kwa siri,
kama kidole kinachokunjwa,
halafu mlio mmoja, na vipande viwili sakafuni.
"Umevunjikia kwenye fundo," akasema Dokta.
Nikaandika: *fundo*.
Ni neno ambalo kwetu haliishii mitini.

Nilirudi na majibu, na barakoa kumi na mbili.
Akavaa moja, akashuka, akavuta mara kumi, akapanda.
"Nzuri. Lakini msumeno huu unataka mdomo wazi."
Akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni, kwenye unga.

Kisha, akinoa meno kwa tupa, bila hasira:
"Ubao mmejua nguvu zake kwa kuuvunja.
Mimi mtanijua lini?"

Tupa iliendelea. Jino, jino, jino.
Niliyahesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi yangu.

"Na vile vipande msivitupe," akaongeza.
"Banda la kuku linataka kizingiti."

Nilimpelekea safari iliyofuata,
kile kirefu, fundo likiwa wazi kama kidonda kikavu,
namba yetu ya wino ubavuni.
Akakipigilia misumari minne,
ile 7 ikitazama nje,
ili kuku, alisema,
wajue wanaingia kwa nani.