Inchi Moja ya Fremu

Aikaeli aliishusha kwenye pikipiki, imefungwa shuka,
akaingia nayo kinyumenyume kama anayeficha mgonjwa.
"Ni mama. Binti yangu ndiye kamchora.
Weka fremu nene, ile ya dhahabu. Imeze itakachoweza."

Nikafunua.

Uso wa kijani. Kijani cha mkungu
uliokatwa kabla ya siku yake kwa sababu kuna msiba.
Mabega mraba, ungeweza kutua debe pale lisitikisike.
Mdomo ni mstari mmoja wa manjano,
umepakwa kwa kisu, si kwa brashi.
Jicho moja lanitazama, jingine latazama mlango.

"Mama alikuwa mzuri," Aikaeli alisema. "Alikuwa na shingo."

Mimi ni fundi fremu tu, Kiboriloni, hapa Moshi.
Nimewafungia maaskofu, maharusi, timu za mpira, marehemu,
wote wamejikaza kisabuni mbele ya kamera.
Picha sikuzisomea. Najua kupima,
na kupima ni kutazama polepole.

Nikaweka futikamba kulia: pale ukingoni
utepe mwekundu, mwembamba, kama umesahauliwa.
Buni mbivu, nikajiambia.
Kahawa ilikuwa ya baba, na risiti zake, na kofia yake siku ya malipo.
Migomba ndiyo ya mama.
Basi binti hakukosea rangi.
Aligawa kihamba.

Na chini, pembeni, dole gumba
kubwa kuliko uso, la zambarau.
"Bibi alijua kuandika?"
Akanyamaza. Lori la saruji likapita, vioo vikalia kwenye rafu.
"Mzee alipofariki," akasema, "chama cha msingi
kilimpa kidau cha wino, abonyeze.
Haukutoka wiki nzima. Alitumenyea ndizi nao."

Fremu humeza inchi moja kila upande.
Inchi moja chini, ukucha wote umekwenda.
Inchi moja kulia, mume hayupo.
Nikachukua mkangazi, nikaunga ubao kwa nyuma,
nikaiacha picha ielee katikati,
ukingo usiiguse hata kwa unywele.

Jumamosi alikuja. Alisimama mpaka chai yangu ikapoa.
Hakuuliza dhahabu iko wapi.
Aliuliza bei, akahesabu noti mara mbili,
akaibeba uso ukitazama barabarani, bila shuka.

Lile jicho la mlangoni, hata leo, sijalielewa.