Friwili Kwanza

Magurudumu sita yalining'inia ndani ya banda la mbuzi,
mawili ya Swala ya mama, manne sijui ya nani,
kutu imeyapaka ngeu.
Mama amekaa mlangoni, ungo magotini,
anachambua karanga za mbegu kwa vidole.
Macho siku hizi yanamwonesha mwanga tu, na kivuli cha mtu.
"Anza na la nyuma," akasema. "Friwili kwanza."

Mimi nilishakuja na msumeno.
Nilitaka kukata spoku zote, chwi, chwi, chwi,
nibaki na habu mkononi kabla jua halijawa kali.
"Friwili kwanza, nimesema!
Ukishakata, utashika wapi?
Rimu ndiyo mkono wako mrefu. Usiutupe mapema."

Basi nikaenda kwa Lungwa, mchomelea mageti,
nikabana friwili kwenye jiriwa yake,
nikashika rimu kama usukani wa lori la alizeti,
nikazungusha. Kimya.
Nikazungusha tena mpaka mshipa wa shingo ukanitoka.
Ka!
Nyumba ya tatu kutoka pale, mama akapiga kigelegele.

Spoku arobaini. Dizeli tone kwa tone, kila kichwa,
halafu robo, robo, ukizunguka.
"Usiilegeze moja yote ukaacha mwenzake analia."
Ndivyo alivyoongea na wake za watu,
Handali, Idifu, Mvumi Makulu, saa nane za usiku,
tochi imefungwa usukanini kwa kipande cha tyubu,
wembe mpya mfukoni, ndani ya karatasi yake.
Wanaume wenye mvi mnadani wanamsalimia wakiwa wamevua kofia:
ndiye aliyewakata kitovu.

Nikamwekea habu kiganjani.
Mafundi wanasema habu. Yeye anasema kitovu,
na anapitisha kidole gumba tundu baada ya tundu,
taratibu, bila kuniambia anatafuta nini.

"Hesabu gololi."
Nilizimwaga kwenye kifuniko cha sufuria,
zimelala ndani ya grisi nyeusi kama mbegu za papai.
Kumi na saba.
"Kumi na nane. Tisa huku, tisa huku."
Nikapekua mchanga kwa mikono, nikachekecha kwa chujio la chai,
nikainua hata jiwe la kunolea.
Mtetea mwekundu alisimama kando ananitazama,
shingo upande, kama asiyehusika.
Hatukumchinja. Anataga.

Spoku alizichukua mjomba Chibago.
Anazigonga bapa juu ya kipande cha reli
azipachike kwenye malimba,
anasema chuma kilichobeba mtu hakihitaji kufundishwa kulia.
Mjomba anasema mengi.

Machi, uwele ulipotoa masuke, na kwelea wakaja
kama moshi unaojua njia,
nikachimbia mti wa mkole mwisho wa shamba,
juu yake kitovu, mabawa manne ya debe la mafuta,
na vizibo vya soda vinavyogongana.
Upepo wa Ugogo hauombwi. Ukaja.
Nane upande huu, tisa upande ule,
kinazunguka na kigugumizi kidogo,
na ndege wanapinda angani, wanakwenda kwa jirani.
Jirani hajafurahi.

Usiku ule upepo haukulala.
Nikasikia mkeka unakwaruza, nikawasha taa ya simu.
Mama ameketi kitandani, kichwa kimeinamia dirisha.
"Kuna mtu anakuja kwa baiskeli," akasema.
"Ni kitovu chako, mama, kule shambani."
"Najua."
Lakini viatu alikuwa amekwisha kuvivaa.