Kaza Tena

Mnyororo hauvishwi kwa hasira.
Hilo alinifunza Bitaliho, dereva wa chumvi,
mwaka ambao mvua ilikuja Uvinza ikasahau kuondoka.

Kwanza unaulaza chini, urefu wake wote,
unaupapasa pete kwa pete kama mtu achambuaye mchele,
kwani pete iliyojipinda gizani
italipa kisasi kilimani.
Kulabu zitazame nje. "Nje, kijana!
Ukizigeuza ndani zinatafuna tairi,
na tairi la Isuzu halinunuliwi kwa pole."
Kisha unalitupia gurudumu la nyuma begani,
lori linajongea nusu mzunguko,
unaingia chini kwa mgongo, tope la baridi shingoni,
unafunga ndani kwanza, kwa vidole, bila kuona,
ndipo nje.
Unadhani umemaliza.
Tembea hatua mia. Simama. Shuka.
Ulegevu uliokuwa umejificha
sasa umetoka kukusalimu.
Kaza tena.

Nilimchukia kwa hizo hatua mia.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kucha zimenivilia damu,
na juu yetu magunia mia na ishirini
yakiombea turubai lisipate tundu.
Chumvi, jamani, haibishani na maji.
Huondoka kimya kimya, ikakuachia gunia.

Jioni moja, kabla ya Kanyani,
tulikuta gari la zahanati limezama hadi mlangoni.
Ndani mama amelala, ameuma upindo wa khanga.
Nje nesi pekupeku, viatu mkononi,
akimsema dereva wake kwa Kiha kilichonyooka.
Bitaliho hakuuliza habari.
Alivua mnyororo wetu wa kushoto, kisha wa kulia.
Nikasema: Mzee, na chumvi?
Akasema: Shika huku.

Ilikuwa mikubwa mno. Ilining'inia kwenye ile Landkruza
kama suruali ya marehemu kwa mrithi mdogo.
Akakunja pete saba kila upande,
akazibana kwa waya,
akakata tyubu kuukuu vipande virefu, akavivuta
kutoka ukingo hadi ukingo, mpaka gurudumu likawa na nyota.
Hatua mia. Simama.
Mnatuchelewesha! nesi akalia.
Kaza tena, akasema, wala hakuinua kichwa.
Waya mmoja ulikuwa umeshaanza kufunguka.

Taa nyekundu zilipanda kilima,
zikayumba,
zikashika.
Zikatoweka.

Sisi tulikaa pale siku mbili, usiku tatu.
Turubai likapata tundu lake.
Nilichovya kidole kwenye kijito kilichotoka chini ya lori, nikaonja.
Mshahara wetu ulikuwa unaelekea mto Malagarasi.
Tajiri alitukata wote wawili;
wangu ulikuwa mdogo, ulikatika upesi.

Siku ya tisa basi la Kasulu lilishusha kiroba.
Ile minyororo. Imeoshwa, imepakwa mawese,
inang'aa kama inakwenda kuposa.
Barua hakuna.
Nilimkimbilia kondakta: yule mama alifika?
Walikuwa wawili, au mmoja, au?
Kondakta alipewa kiroba na nauli ya kiroba, basi.

Bitaliho aliilaza chini, urefu wake wote,
akaipapasa.
"Wa kulia umepungua pete moja."
Akawasha sigara, akaivuta mpaka ikamuunguza.
Hatukulizungumza tena,
ila kila tulipopita Kanyani alipunguza mwendo,
akitazama watoto wa barabarani, wale wadogo wadogo,
kama mtu anayehesabu.

Siku hizi lami imefika. Bitaliho amelala kwao Heru Juu.
Mnyororo wa kulia unaning'inia ukutani kwangu Mwandiga,
kuku wanalala chini yake.
Wanangu hunicheka. Nikifunga mzigo wa baiskeli,
kamba ya mbuzi, hata kifungo cha mjukuu anayekwenda shule,
huwa namwacha aende kidogo,
kisha namwita.

Mara nyingi mkono haukuti kitu.