Kifungua Mimba

Mwalimu Ndeshau aliandika ubaoni neno la Kizungu,
akageuka: hili kwa Kiswahili?
"Mwanzo," nikasema. Bado.
"Asili." Bado.
"Chanzo, chimbuko, awali..."
Chaki ikamkatikia mkononi.

Kesho yake, majogoo ya kwanza, Machame,
zamu yetu ya mfereji.
Nikapanda na jembe hadi banioni,
nikazoa majani, tope,
kandambili moja ya mguu wa kushoto.
Maji yakasita,
kisha yakanipita vifundoni kuelekea migombani
kama yaliyoitwa.

Mama alikuwa chini, na taa.
Kabla yangu aliitwa Aikande, basi.
Mimi ndiye niliyemzaa mama.

Darasani swali likarudi.
Sikunyoosha mkono:
kucha zilikuwa bado na tope.