Zima Feni, Baba

Riziki yangu ni upepo wa kununuliwa.
Asubuhi nipo juu ya ngazi, Kariakoo,
nafungua tumbo la kiyoyozi, napuliza vumbi,
najaza gesi, nawarudishia watu baridi yao.
Nikirudi Vingunguti, jasho limenikaukia chumvi,
binti yangu ananipokea kwa neno moja:
zima feni, baba.

Nyamizi amekaa sakafuni,
mbele yake povu gumu jeupe, lile la kufungashia friji
(nililileta mwenyewe, nikidhani la kuchezea mdogo wake).
Ameng'oa waya wa pasi mbovu,
ameuunga kwenye betri ya pikipiki,
waya unaiva, unapita kwenye povu
kama uzi kwenye sabuni ya mche,
ganda baada ya ganda, jembamba kama la kitunguu.

Bawa, anasema, lisizidi gramu moja.
Gramu! Mimi ninayepima kwa mgongo.
Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, walisema,
nami nimewatii: friji za milango miwili
nimezipandisha ghorofa ya nne, Upanga, lifti imekufa.
Lakini hiki alichoniwekea kiganjani
sikukisikia. Nilitazama kuhakikisha kipo.
Mzigo mwepesi hakuna aliyenifundisha kuubeba.

Tulikwenda kwa Haridas, sonara wa Kisutu,
atupimie kwenye mizani ya dhahabu.
Akaondoa pete ya mtu, akaweka ndege, akavua miwani.
"Hii nikikohoa inaondoka,"
akageukia ukutani, akakohoa huko.
Gramu mbili na nukta tatu, pamoja na pua;
na pua yenyewe ni udongo wa rangi
ulioibwa kwa mtoto wa chekechea.

Usiku tunafunga madirisha, tunachemka.
Ikiinua kichwa, ikasita, ikaangukia makalio,
anaongeza udongo, punje ya ulezi.
Ikizamia, anaupinda mkia kwa ukucha, unywele mmoja.
"Usiirushe, baba. Iachie."
Mkono wangu haujui kuachia; unajua kukaza nati.
Mara ya arobaini ndipo nilipofungua vidole tu,
ikaondoka kama neno ulilotaka kulisema ukaghairi,
ikapita juu ya ndoo, juu ya meza, ikatua kwenye chandarua.
Mama mtu, macho hajafumbua:
"Mbu gani huyo mkubwa?"

Siku ya mashindano, ukumbi wa Chang'ombe, mwezi wa pili.
Viyoyozi vinne, vyote nimevitengeneza mimi,
na hela ya viwili bado nadai.
Mgeni rasmi yuko chini ya cha tatu, suti na kizibao.
Ndege za wenzake zinapigwa kumbo,
moja imegeuka, imemrudia mwenyewe.
Nyamizi akanitazama. Hakusema.
Nikaenda kwenye swichi kubwa.

Mashine zangu zikashusha pumzi, moja, moja.
Joto likaingia bila hodi.
"Waheshimiwa," nikaisikia sauti yangu,
"naomba msijipepee na ratiba."
Watu mia tatu wakaloa kimya.
Akaiachia.

Ilikwenda mwendo wa mtu anayemshika mgonjwa mkono,
haipandi, haishuki, au inashuka
kwa namna ambayo jicho halikuipata,
na mita ya thelathini na moja ilikuwa ukuta.
Ikaugusa, ikateremka nao, haikuvunjika.

Vigelegele. Mgeni rasmi analegeza tai.
Yeye amepiga magoti chini ya ule ukuta,
anaupapasa kama anayetafuta kitasa.
"Baba, ilikuwa haijamaliza."

Siku hizi nikiitwa mahali kuleta baridi,
kabla ya ngazi natoa futi kamba,
napima ukuta hadi ukuta.
Lipo bohari moja barabara ya Pugu, tupu, mita themanini.
Mlinzi kaniuliza ninapima nini.
Nimemwambia: feni.