Vidole Vinne Chini ya Goti

Kageha aliiweka barua juu ya cherehani yangu
kama mtu anayeweka cheti cha hospitali.
"Nisomee," alisema, ilhali kusoma anajua.
Nikasoma:
sketi kijani cha chupa, marinda sita,
ifunike goti na kushuka vidole vinne.
Vidole vya nani, barua haisemi.
Soksi nyeupe. Viatu vyeusi visivyo na kisigino.
Nywele zisizidi upana wa kucha.
Hereni, mkufu, wanja, hapana.
Na chini kabisa, pa kutia sahihi,
aya ya Biblia.

Miaka kumi na tisa nimeshona hapa Chavakali.
Nimewavisha wasichana wa Marafiki,
wa Wokovu, wa Pentekoste,
na kila kanisa lina goti lake.
Mungu ni mmoja, upindo si mmoja.

Mmbone akapanda kigoda, shingo wima,
mrefu kama mhindi uliopata mvua.
Kichwani mistari saba:
nyanyake aliisuka usiku kucha,
asubuhi akapelekwa Mbale kulazwa,
hakurudi.
Nilipima kiuno, nikapima nyonga.
Kichwa si kazi yangu.

"Upindo uache mkubwa," mama alininong'oneza,
"hiyo sketi ni ya miaka minne."
Nikakunja ndani inchi tano.
Kidato cha pili kikalala humo, na cha tatu,
na urefu ambao mtoto hajaufikia.

Jioni msichana akarudi peke yake.
"Fundi, ipandishe kidogo tu."
Kidogo gani? Akainua kidole kimoja.
Nilikaa na pini mdomoni,
vinne vya shule huku, kimoja chake huku,
na pini zikanipa sababu ya kunyamaza.
Nilishona ya barua.

Jumatatu saa nne wakaja wote wawili, wamelowa.
Langoni naibu alikuwa amempigisha magoti
juu ya saruji, akaweka rula.
Sketi ilipita.
(Nilifurahi, nakiri. Ufundi una kiburi chake.)
Kichwa ndicho kilichorudishwa,
na kinyozi amefunga, yuko mazishini Gisambai.

Mmbone akasema, macho kwenye chaki yangu,
"Nilidhani nikipiga magoti pale
itakuwa ni kwa sala."

Mama akaomba mkasi. Akaushika,
akautazama,
akanirudishia.

Mkasi wa kitambaa haukati nywele,
huo ndio mwiko wa kwanza tunaofundishwa.
Nilikata.
Wa kwanza, wa pili, wa tatu,
nywele zikaangukia vipande vya kijani sakafuni.
Kwenye wa tano mkasi ukakwama:
uzi mweusi, umefungwa fundo.
Nikaujua. Ni uzi wangu,
ule bibi aliokuja kuniomba Desemba
nikampa bila kuuliza wa nini.

Mtoto hakulia. Aliokota ule msuko,
akaupangusa kwa kidole,
akauliza kama ndani ya upindo pana nafasi.

Mama alitazama barabarani.
Mimi nilitazama saa.
Kisha nikafumua mishono kumi na miwili,
nikaulaza msuko humo, pamoja na kidato cha tatu,
nikaushona tena kwa mkono, polepole,
usifanye kivimbe.
Rula hupima chini ya goti.
Ndani ya upindo haijafika.

Akavaa. Akageuka mara moja, marinda yakafunguka,
yakatulia mahali pake.
Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani,
na masikio, ya bibi yule yule.

"Deni langu ni ngapi?" Kageha akauliza.
Nikamwambia tutahesabiana
siku ya kuuteremsha upindo.
Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Januari ianze,
wakaondoka na mvua bado ikinyesha,
soksi nyeupe amezibeba mkononi
zisichafuke kabla ya lango.