Kalarepa

Nina miaka arobaini na mitatu. Naendesha tramu mjini Łódź,
nakunja kona na tani thelathini za chuma bila kumwaga chai ya abiria,
lakini kitunguu kilichojificha ndani ya supu
kinanishinda.

Mtu mzima haulizwi anakula nini.
Watu huchungulia tu sahani yake harusini,
wakaona ukuta wa karoti alioujenga pembeni,
wakacheka kidogo, wakanywa, wakasahau.
Mimi sisahau. Nina jibu la kila karamu:
nimeshiba, tumbo linanisumbua, nitakula baadaye.
Mkate, viazi, jibini, kuku asiye na ngozi:
hiyo ndiyo nchi yangu, na hizo ndizo pembe zake nne.

Chekechea, mwaka wa themanini na saba.
Bi Halszka wa jikoni, mikono imekunjwa juu ya aproni:
"Hutoki hapa mpaka sahani iwe nyeupe."
Wenzangu wakaenda kulala usingizi wa mchana.
Nikabaki na bitiruti, bitiruti ikabaki nami,
ikapoa, ikatoka jasho jekundu,
jua likahama kutoka dirisha la kwanza hadi la tatu.
Mwishoni niliimeza.
Ikarudi.
Nikapewa kitambaa nipanguse mwenyewe.

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Nilikunjwa. Nikakaukia pale pale.

Tangu siku hiyo kidakatonge changu ni askari wa mpakani.
Hupekua kila tonge:
utelezi, nyuzi, mbegu,
kilaini kinachojifanya kigumu.
Rudi ulikotoka.

Daktari hakunikemea. Alisoma karatasi ya damu,
akazungushia duara mahali pawili, akauliza,
"Mboga ya mwisho kula ni ipi?"
Nikasema, "Viazi."
Akaandika neno refu kuliko viazi.

Nilinunua karoti moja, moja tu,
kama mtoto anayenunua sigara.
Nikaichemsha. Kosa.
Jiko zima likanuka Bi Halszka.

Halafu ikaja ile zamu ya alfajiri,
karakana ya tramu, saa kumi, baridi inang'ata masikio.
Bożydar, fundi wa breki, kijana wa juzi tu,
anamenya kitu cha duara, kijani, chenye mikia mikia,
anakula kwa ncha ya kisu, na chumvi.
Hakunikaribisha. Hilo ndilo lililonikamata.
"Nini hicho?"
"Kalarepa."
Akakata kipande, akakiweka juu ya kifuniko cha chupa ya chai,
akanipa mgongo, akarudi kwenye breki zake.

Kilipasuka menoni kama barafu ya dimbwi mwezi Machi.
Maji, lakini maji ya kutafuna,
na mwishoni pilipili kidogo, kama anayebisha hodi kisha akaondoka.
Askari akapekua, akapekua tena.
Akapisha.

Sasa ni Oktoba. Kalarepa, ndiyo.
Tango, likimenywa.
Karoti mbichi, ndiyo; ya kukwangua, hapana, na usiniulize.
Hoho nyekundu. Ya kijani ni ya watu wengine.
Brokoli nimeitema mara nane;
ya tisa nikakuta nimeimaliza
huku nikisoma ujumbe kuhusu reli iliyokatika.
Kitunguu tunapishana kimya kimya, kama mtu na mtalaka wake sokoni.
Bitiruti sijaigusa. Huenda nisiiguse.

Jumapili kwa dada yangu, meza imejaa.
Jagna, miaka minne, anajenga ukuta wa karoti.
Bibi anasema kula. Baba anasema kula.
Mjomba anaigeuza kijiko kuwa ndege, anaivumisha angani.
Nikachukua karoti moja mbichi, nikaikata,
nikaiweka karibu na kikombe chake, si kwenye sahani,
nikawauliza wakubwa habari za paa linalovuja,
wote wakaanza kusema kwa pamoja.

Nikageuka kutazama dirishani.
Nyuma yangu kitu kililia, kra.
Labda kiti.
Sikuangalia.